Fedha ya Serikali na Uzazi wa Majira

Swali ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji mwezi huu halitajwi mara nyingi kanisani, wala barazani wanaume hawalizungumzi kwa sauti kubwa, kwa kuwa lagusa chumba cha ndani cha mume na mke. Lakini ni swali la haki, nalo ni hili: serikali inayokusanya kodi kwa watu wote, je, yapasa itoe fedha hiyo kuwasaidia watu kupanga uzazi wao? Na ikiwa katika walipa kodi wamo wanaoona kwamba kazi hiyo, au sehemu yake, ni dhambi, je, serikali yaweza kuiwekea fedha hiyo mpaka? Na mpaka huo uwekwe wapi?

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni mabishano ya Marekani. Ni kweli, huko ndiko yalikobishaniwa zaidi, kwa muda wa miaka hamsini na zaidi. Lakini mto ukizibwa juu, walio chini ndio hukosa maji. Kwa miaka mingi sindano na vidonge walivyopewa akina mama katika zahanati za Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo vimelipiwa kwa sehemu kubwa na watu wa mbali, wasiojua hata jina la kijiji, na mwenye kulipa husema neno lake. Kwa hiyo mashauri ya Bunge la Washington yameingia katika nyumba zetu pasipo kubisha hodi.

Kwanza nataka kuondoa dhana moja. Wako wasemao kwamba kupanga uzazi ni desturi ya kigeni. Dawa ni ngeni, bali shauri lenyewe si geni hata kidogo. Wazee wetu walijua sana kwamba haifai mama kushika mimba na huku mtoto yungali akinyonya. Neno la kubemenda kila mtu wa pwani na wengi wa bara walilijua: mtoto akidhoofu, miguu ikawa myembamba na tumbo likavimba, watu waliwatazama wazazi wake kwa jicho la lawama wakasema, hawakungoja. Sababu waliyoitaja siyo ile ambayo angeitaja daktari, lakini jambo waliloliona lilikuwa kweli, kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa upesi kwa ajili ya mdogo wake mara nyingi hudhoofika. Ndiyo maana katika makabila mengi mama mwenye mtoto mchanga alikwenda kukaa kwa wazazi wake, au mume alilala nyumba nyingine, mpaka mtoto aweze kutembea na kula chakula. Hata jina tulilozoea, uzazi wa majira, lina harufu ya shamba: mkulima hapandi kila mwezi, naye hatumwiti mwenye kuichukia mbegu.

Sisi walimu twayaona haya kwa njia yetu, katika kitabu cha mahudhurio. Binti wa kwanza wa nyumba huanza kukosa siku moja kwa juma, kisha siku mbili, kisha juma zima. Ukiuliza, waambiwa mama amejifungua tena, na yule binti ndiye mlezi. (Nduguye wa kiume, nimeona, huendelea kuja.) Basi mtu asiniambie kwamba nafasi kati ya mtoto na mtoto ni jambo la wenye nyumba peke yao. Huonekana shuleni, huonekana shambani, na mara nyingine huonekana makaburini.

Wakristo wenyewe hawana neno moja juu ya dawa za kuzuia mimba. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth mwaka 1908, na tena 1920, walizikataa njia hizo. Mwaka 1930 wakakubali kwamba watu wa ndoa, wakiwa na sababu ya haki mbele ya dhamiri zao, waweza kuzitumia. Mwisho wa mwaka huo huo Papa Pius wa 11 akaandika waraka wa kuzikataza, na mwaka 1968 Papa Paulo wa 6 akalithibitisha katazo hilo, akiwaruhusu wenye ndoa kuzifuata siku ambazo mwanamke hashiki mimba. Sitaki kuwahukumu hawa wala wale, maana katika kijiji kimoja twakaa pamoja na kuzikana pamoja. Lakini juu ya kutoa mimba makanisa mengi yamekaribiana zaidi, nami ni mmoja wa wale wanaoamini kwamba kinachoondolewa ni uhai. Nasema hivi mapema, ili msomaji ajue nimesimama upande gani kabla sijasema yatakayofuata.

Sasa tuje kwenye fedha. Kodi si sadaka. Sadaka mtu huitoa kwa moyo wake, na akiona imetumiwa vibaya aweza kuizuia Jumapili ijayo. Kodi huchukuliwa, utake usitake. Basi mtu akilazimishwa kulipia kitendo anachoamini kwamba ni kuua, dhamiri yake imejeruhiwa, wala si haki kumcheka na kumwita mshamba. Hoja hii ndiyo iliyowasukuma Wamarekani wengi, nami naiheshimu.

Mwaka 1970 Rais Nixon alitia sahihi sheria ya kuwasaidia maskini wa Marekani kupanga uzazi kwa fedha ya serikali. Sheria hiyo, tangu siku yake ya kwanza, ilikataza fedha yake isitumiwe katika kazi yoyote ambayo kutoa mimba ni njia mojawapo ya kupanga uzazi. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi ile ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kutoa mimba (hukumu hiyo ilitanguliwa mwaka 2022), na mwaka huo huo wa 1973 Seneta Jesse Helms akaleta sharti kwamba fedha ya msaada inayopelekwa nchi za nje isilipie kutoa mimba kama njia ya kupanga uzazi. Mwaka 1976 mjumbe wa Illinois, Henry Hyde, akaleta sharti linalofanana nalo kwa fedha ya matibabu ya maskini wa Marekani wenyewe, isipokuwa pale ambapo uhai wa mama umo hatarini. Baadaye wakaongezwa waliobakwa na waliotiwa mimba na ndugu zao.

Mipaka hiyo naielewa. Si kwamba hainiudhi: tajiri hakuguswa na sharti la Hyde, yeye hulipa mwenyewe, aliyeguswa ni maskini peke yake, na sheria inayogusa dhambi ya maskini na kuipita ya tajiri ina kasoro. Walakini mpaka wenyewe ulikuwa wazi. Ulisema: kwa kitendo hiki fedha yetu haitatoka, kwa mengine yote, itoke. Mlipa kodi alilindwa, na mama aliyetaka sindano ya kupishanisha watoto alipewa.

Wakristo wa Korintho walikuwa na swali la namna hii. Nyama nyingi iliyouzwa sokoni ilikuwa imepita kwanza mbele ya sanamu. Paulo hakuwaruhusu kuketi katika karamu ya sanamu. Lakini juu ya nyama ya sokoni aliwaambia wanunue na kula, wala wasiulize-ulize juu ya kila kipande, isipokuwa mtu awaambie waziwazi kwamba ni ya sadaka ya sanamu. Naona hekima kubwa hapo. Kushiriki katika kitendo ni jambo moja. Kugusana na mtu ambaye mahali pengine, kwa fedha nyingine, hutenda kitendo hicho, ni jambo la pili. Mtu akitaka kuufuata uovu katika kila mkono uliopitiwa na fedha, hatanunua hata chumvi.

Sasa, mambo yaliyotokea baadaye ni kwamba wenye kuweka mipaka hawakutosheka na mpaka wa kitendo. Walihamia kwa mtendaji, kisha kwa ulimi wake.

Tutazame jimbo la Texas. Mwaka 2011 wabunge wa jimbo hilo walipunguza fedha ya kupanga uzazi kutoka dola milioni 111 hata dola milioni 38 kwa miaka miwili. Nia yao kubwa ilikuwa kuliondoa shirika la Planned Parenthood, kwa kuwa baadhi ya vituo vyake vilitoa mimba, ingawa fedha iliyokatwa ilikuwa ya dawa za uzazi na za kupima magonjwa. Matokeo yake zahanati 82 zilifungwa au ziliacha kazi hiyo, na karibu theluthi mbili ya hizo hazikuwa za shirika lile hata kidogo. Mwaka 2013 shirika lenyewe likatengwa katika mpango wa jimbo wa kuwasaidia wanawake maskini. Watafiti walipowafuatia wanawake waliokuwa wakichomwa sindano katika wilaya zilizopoteza vituo hivyo, waliona kwamba uzazi uliolipiwa na fedha ya matibabu ya maskini uliongezeka kwa asilimia 27. Yaani mama aliyekuwa amesema ‘Bado kwanza’ alipata mimba. Na serikali iliyokataa kulipia sindano ikalipia kitanda cha kuzalia.

Julai 2025 Bunge la Washington lenyewe likafuata njia hiyo: sheria mpya ilizuia kwa mwaka mmoja fedha ya matibabu ya maskini isiende kwa mashirika makubwa ya uzazi yanayotoa mimba, hata kwa kazi zao nyingine zote.

Lakini lililotugusa sisi zaidi ni sharti la mwaka 1984. Mwezi wa Agosti mwaka huo mataifa yalikutana Mexico City kuzungumza juu ya wingi wa watu duniani, na wajumbe wa Rais Reagan wakatangaza huko kwamba shirika lolote la nchi za nje litakalopokea fedha ya Marekani ya kupanga uzazi litie sahihi ahadi, kwamba halitatoa mimba kama njia ya kupanga uzazi, wala kuwashauri watu au kuwaelekeza mahali pa kutolea, wala kuiomba serikali yake ibadili sheria juu ya jambo hilo. Walioachwa nje ya katazo ni wale tu waliobakwa, waliotiwa mimba na ndugu zao, na mama ambaye uhai wake umo hatarini. Na ahadi hiyo ilifunga fedha zote za shirika, hata ile iliyotoka kwa watu wengine au iliyochangwa na wanachama wenyewe.

Hapo ndipo msomaji anapopaswa kusimama na kutafakari. Fedha ya Mmarekani ilikuwa imekwisha kulindwa tangu 1973 kwa sharti la Helms. Hakuna hata senti moja ya mlipa kodi iliyokuwa ikitoa mimba huku kwetu. Sharti la 1984 halikuongeza ulinzi wa fedha yake. Liliongeza amri juu ya fedha ya mtu mwingine, na juu ya maneno ya mkunga katika chumba chake. Mkunga ambaye dhamiri yake yamwambia amweleze mgonjwa mambo yote ambayo sheria ya nchi yake yaruhusu, aliambiwa achague: ama anyamaze, ama kabati lake la dawa libaki tupu. Twasema kwamba dhamiri ya mlipa kodi ni kitu kitakatifu. Vema. Na ya mkunga je?

Sharti hilo limekuwa kama mlango wa nyumba wakati wa upepo. Liliwekwa 1984, likafutwa 1993, likarudishwa 2001, likafutwa 2009, likarudishwa 2017, likafutwa 2021, likarudishwa tena Januari 2025. Kila chama kilipopokezana urais na kingine, mlango uligeuka. Hapo kwanza lilihusu fedha ya kupanga uzazi tu, kama dola milioni 600 kwa mwaka. Mwaka 2017 likapanuliwa likashika karibu fedha yote ya afya, hata ya UKIMWI na malaria.

Na lilifanya nini? Mwaka 2001 mashirika mawili makubwa ya Kenya, chama cha uzazi wa mpango cha nchi ile na Marie Stopes, yalikataa kutia sahihi. Yakapoteza fedha, yakapoteza na dawa, na zahanati zao kadhaa zikafungwa; mojawapo ilikuwa Mathare, mtaa wa maskini katika Nairobi. Nchini Kenya wakati ule sheria ilikataza kutoa mimba ila kwa kuokoa uhai wa mama. Basi kilichoondoka Mathare siku ile mlango ulipofungwa kilikuwa hasa sindano, vidonge na ushauri.

Mwaka 2019 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa hesabu yao juu ya nchi 26 za Afrika iliyo kusini mwa Sahara, kwa miaka ya 1995 hata 2014. Walizilinganisha nchi zilizotegemea sana fedha ya Marekani na zile zilizoitegemea kidogo, wakati sharti lipo na wakati halipo. Waliona kwamba katika nchi zile za kwanza, sharti lilipokuwapo, matumizi ya dawa za kuzuia mimba yalipungua kwa asilimia 14 hivi, mimba zikaongezeka kwa asilimia 12, na kutoa mimba kukaongezeka kwa asilimia 40 hivi. Sharti lilipofutwa, mambo yakaanza kurudi yalikokuwa. Kwa msomaji wa kijijini sababu yake si fumbo. Mama akikosa sindano hupata mimba asiyoitazamia, na baadhi ya wenye mimba hizo, kwa hofu ya mume, au ya njaa, au ya aibu, huenda kwa mtu mwenye mizizi na vijiti. Wengine hawarudi.

Nami niliye upande wa wale wanaouhesabu uhai wa aliye tumboni, nitaisomaje hesabu hii? Sharti lililowekwa ili mimba zisitolewe limezidisha kutolewa kwake.

Wenye kulitetea wana majibu mawili, na yote mawili yana uzito. La kwanza ni kwamba fedha ni kama maji ya mtungi, hayana alama. Ukimlipia mtu unga, ile fedha yake ya unga ataipeleka penye pombe, nawe umemnunulia pombe, ingawa mkono wako haukugusa kibuyu. Ni kweli. Lakini tukilifuata neno hilo mpaka mwisho wake, hatutabaki na mtu wa kumsaidia, maana nani asiye na kibuyu chake mahali fulani? Tena hao wenyewe hawakulifuata. Tangu 1984 hata 2021 sharti lilifunga mashirika ya watu tu. Serikali ambazo sheria zake zaruhusu kutoa mimba, kama ya Afrika Kusini tangu sheria yake ya 1996, ziliendelea kupewa msaada pasipo kudaiwa sahihi hiyo. Mtungi wa serikali una alama gani ambayo mtungi wa shirika hauna?

Jibu la pili ni zito zaidi. Mtu mnyofu atasema, ‘Mimi sikutoa mimba ya mtu yeyote. Nimekataa kushirikiana na wanaotoa. Ikiwa wengine wamefanya dhambi zaidi kwa sababu ya kukataa kwangu, watajibu wao. Mimi siwezi kutenda jambo baya ili lije jema.’ Kwa mtu mmoja na nafsi yake, nadhani jibu hili latosha. Mkristo akikataa kufanya kazi katika nyumba fulani, hatumwulizi kwanza hesabu ya mambo yatakayotokea baada ya yeye kuondoka.

Lakini serikali si mtu mmoja anayeilinda nafsi yake. Serikali ni wakili, amepewa mali ya watu kwa ajili ya watu, na wakili huulizwa mali ilifanya nini. Tuseme kijiji kina kisima kimoja, na wazee wamegundua kwamba mmoja wa wachotaji huyatumia maji yake kupikia gongo. Wazee wakimkataza kupika gongo, twawasifu. Wakisema hawatatoa fedha ya kumjengea mtambo, twawasifu zaidi. Lakini wakikifunga kisima, wanawake wote watakwenda mtoni kwenye mamba, na yule mpika gongo atakwenda nao, maana hata mtoni kuna maji. Jioni mtoto akiletwa ameliwa mguu, wazee hawawezi kuniambia kwamba wao si mamba. Pilato naye hakupigilia msumari hata mmoja.

Sitaki hata hivyo msomaji adhani kwamba kila mpaka ni mbaya. Uko mpaka mmoja ambao ningeupigia kura kila mwaka, nao ni juu ya kushurutisha. Nchini India, katika mwaka mmoja wa 1976–77, watu zaidi ya milioni 8 walifungwa uzazi, wengi wao wanaume maskini, na wengi kwa kulazimishwa au kwa kutishwa kunyimwa haki zao. China ilishika sheria ya mtoto mmoja tangu karibu 1980 hata 2015, na wanawake waliburutwa. Nchini Peru, katika miaka ya 1990, wakati wa Rais Fujimori, wanawake zaidi ya laki mbili na nusu walifungwa kizazi katika mpango wa serikali, na wengi wao, wanawake wa milimani wasiojua Kihispania vizuri, hawakujua walichokubali. Mwaka 1985 Bunge la Marekani lilikataza fedha yake isiende kwa shirika lolote linaloshiriki katika ushurutisho wa namna hiyo. Hilo ni sharti la haki, ingawa hata lenyewe limepata kupindwa: mwaka 2002 shirika la Umoja wa Mataifa la UNFPA lilinyimwa fedha kwa sababu ya China, na huku wajumbe wa serikali ya Marekani waliokwenda China kuchunguza walisema hawakuona ushahidi kwamba shirika hilo lilishiriki kwa kujua.

Tena watu wetu wanaposhuku fedha hii, si ujinga. Mwaka 1974 serikali ya Marekani iliandika waraka wake wa siri, uliofunuliwa baadaye, ukihesabu wingi wa watu katika nchi maskini kuwa hatari kwa usalama na biashara ya Marekani. Basi mkono ule ule uliotuambia, ‘Punguzeni,’ ndio uliotuambia miaka kumi baadaye, ‘Msitaje.’ Katika maneno hayo mawili simwoni mama aliyeulizwa anataka nini. Anayemshurutisha asizae na anayemnyima njia ya kungoja wametoka mbali, wamekutana mlangoni pake.

Na sisi je? Hapa nalegea kidogo katika kuwalaumu wageni. Kenya ilianza mpango wake wa serikali mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Hesabu ya 2022 ilikuwa watoto 3.4. Tanzania, chama cha UMATI kilianza 1959, na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki, mwaka 1969 aliwakumbusha watu kwamba kuongezeka ni jambo jema ikiwa tunaweza kuwalea tunaowazaa. Mwaka 1967 Watanzania walikuwa milioni 12.3, mwaka 2022 walikuwa milioni 61.7. Septemba 2018, huko Meatu, Rais Magufuli aliwaambia wanawake waweza kuacha dawa hizo, na baada ya siku chache wizara ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango katika redio na televisheni. Wengine walimshangilia, wengine walikasirika. Mimi naona neno moja katika shauri lake lilistahili kusikilizwa, kwamba mambo haya tuyaamue wenyewe. Lakini anayetaka kuyaamua mwenyewe hana budi kuyalipia mwenyewe. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya fedha za serikali zao kwa afya, na nchi nyingi hazijaifikia ahadi hiyo. Barabara tumezilipia, na magari ya wakubwa yapitayo juu yake. Sindano ya mama tulimwachia mgeni, naye mgeni ana uchaguzi wake kila baada ya miaka minne.

Mwaka 2025 mgeni aliondoka. Shirika la USAID, lililokuwapo tangu 1961, lilikoma kazi yake tarehe 1 Julai. Katika ghala moja huko Geel, Ubelgiji, vilikuwapo vitu vya kupanga uzazi vyenye thamani ya dola milioni 9.7, vilivyokwisha kununuliwa kwa kodi ya Wamarekani: vipandikizi, vidonge na vitanzi. Dawa za kutoa mimba hazikuwamo, kwa kuwa sheria yao wenyewe yakataza kuzinunua. Shirika la kimataifa la uzazi wa mpango, IPPF, lilisema kwamba zaidi ya robo tatu ya vitu hivyo vilikusudiwa nchi tano, yaani Kongo, Kenya, Mali, Tanzania na Zambia. Mwezi huo huo wa Julai serikali ya Marekani ilithibitisha kwamba imekata shauri kuviteketeza kwa moto, na kwamba kazi hiyo itagharimu dola 167,000. IPPF lilijitolea kuvichukua na kuvisafirisha pasipo kumgharimu mlipa kodi kitu chochote. Likakataliwa.